Gari la Waliolala

Fundi wa sare za shule, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa jinsi alivyowagombeza watoto wenye pindo zilizofumuka, alimlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki. Mdogo mtu alikuwa akipanga magari stendi, na aliifanya kazi hiyo kwa moyo hadi usingizi ulipomtoroka. Siku zikapita hajapata hata lepe. Akaanza kusikia watu wakimsema ndani ya bomba la maji. Asubuhi moja alipanda juu ya paa la nyumba yao, akakaa ukingoni kando ya tangi, akasema akisikia kelele moja zaidi anajirusha.

Mama Pindo akapiga simu ya dharura. "Naomba aje mtu mmoja tu, wa kuzungumza naye. Na tafadhali, mwanangu, aje kimya kimya."

"Tumekuelewa, mama."

Wamemwelewa wapi! Zimamoto walikuja na king'ora. Polisi wakaja na king'ora kikubwa zaidi. Gari la wagonjwa likafuata likilia kama limefiwa. Yote matatu yakajibana kichochoroni, mbele hayaendi, nyuma hayarudi, na wenyewe wakaanza kugombania mgonjwa. Mkuu wa zimamoto akasema aliye juu ya paa ni wake. Koplo akasema anayetishia ni wake. Dereva wa gari la wagonjwa, mtu asiyependa ugomvi, akasema yeye atasubiri aanguke.

Huko juu mguu mmoja ukaning'inia nje ya paa.

"We wa zimamoto!" sauti ikashuka kutoka paani. "Nani kakufundisha kuegesha? Rudi nyuma, kata kulia! Koplo, zima hilo likelele, upishe njia!"

Wakatii. Lakini kutoka juu hakuiona vizuri pembe ya ukuta, na kazi mbovu hakuwahi kuivumilia. Akashuka ngazi mwenyewe, akasimama kichochoroni, mikono ikienda huku na huku, hadi magari yote yakatoka salama barabarani. Mama Pindo akamkumbatia. Mdogo mtu alikuwa akitetemeka mwili mzima, na bomba, alimnong'oneza dada yake, lilikuwa bado linamsema.

"Jamani, mpelekeni hospitali," Mama Pindo akawasihi.

Mkuu wa zimamoto akasema hayuko tena juu. Koplo akasema hatishii tena. Dereva akakuna kichwa. "Sisi tunabeba aliyelala tu, mama. Huyu anatembea. Tukianza kubeba wanaotembea, si tutakuwa teksi?"

"Kwa hiyo apande tena?"

"Akipanda, apande kabla hatujafika mbali," akasema koplo, na wala hakuwa anatania.

Mama Pindo akawatazama mmoja mmoja. Kisha akajilaza chali katikati ya barabara, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Nimezimia," akatangaza.

Dereva akashusha machela mbiombio. Hapo sasa mambo yalikuwa sawa. "Mgonjwa anaruhusiwa msindikizaji mmoja! Ndugu yake yuko wapi?"

"Mimi hapa," akasema mdogo wake.

Ndani ya gari akamshika mkono dada yake, akamwambia asiogope. Halafu akagonga kidirisha cha dereva.

"Braza, usiwashe king'ora. Mgonjwa wetu anahitaji kupumzika."

Gari likaenda kimya kimya. Mama Pindo akafumba macho, machozi yakimteremka hadi masikioni, akamwacha mdogo wake ambembeleze njia nzima.