Mstari Uliopanda Mwezi Mzima

Majirani walipomuuliza mke wa jirani yao anafanya kazi gani, alijibu ni ya kompyuta, na tangu siku hiyo wakawa wanamletea simu zilizopasuka vioo. Alichoka kueleza. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: ofisini, juu ya duka la magodoro, alifungua soko la mtandaoni ambako wateja wa dunia nzima hutangaza vibarua vya kuandika programu. Mashine ikayahesabu matangazo kwa kila lugha ya programu, yeye akachora mstari. Lugha ikitafutwa sana, mstari unapanda, isipotafutwa, unalala. Bosi aliiuza mistari hiyo kwa watu wanaotaka kujua dunia inaelekea wapi. Mchoraji wa dunia alirudi nyumbani kwa miguu.

Nyumbani kulikuwa na shemeji. Mdogo wa mumewe alikuja kukaa kwa muda, na muda ukanoga. Akili alikuwa nazo, hilo halina ubishi, ila aliziendesha kwa mistari ya shemeji yake. Lugha ikipanda, anajifunza. Akimaliza kujifunza, imelala. Mtaa mzima hakuna aliyejua lugha nyingi za programu kama yeye, wala aliyelijua kochi vizuri zaidi.

Juma lile shule ya jirani ilimwita akafundishe kompyuta. Mwalimu mkuu alitaka jibu Ijumaa.

"Shemeji, ile lugha mpya inapanda mwezi mzima, umeichora mwenyewe," kijana alisema mezani. "Niache dhahabu nikafundishe watoto kuwasha mashine?"

"Kuwasha nako ni elimu," kaka yake akasema huku akitafuna. "Wewe kuzima taa ya sebuleni bado hujafuzu."

"Sema wewe, shemeji. Ukisema inapanda kweli, shule naikataa."

Mke alianza kukusanya vyombo. Kesho yake ofisini aliyafungua matangazo ya lugha ile akayasoma kwa macho, jambo ambalo kwa kawaida aliiachia mashine. Mashine haichoki, ndiyo maana haishtuki. Tangazo la kwanza: anatafutwa fundi wa kumalizia programu ya ghala, awe mvumilivu, asiulize maswali mengi. La pili: ghala, mvumilivu, maswali. La tatu lilikuwa la mtu mwingine, akafarijika kidogo. La nne likamrudisha ghalani.

Tangazo likiwekwa upya hupewa namba mpya, na kwa mashine namba mpya ni kazi mpya. Lugha yenyewe ilikuwa changa, matangazo yake ya kuokoteza, kwa hiyo mteja mmoja alitosha kuuinua mstari. Dunia iliyokuwa ikipanda ilikuwa mtu mmoja asiyeelewana na mafundi wake.

"Bosi, huu mstari ni mtu mmoja."

Bosi aliutazama kwa huruma. "Mtu mwenye bidii, lakini. Haya, ondoa marudio. Ila uushushe taratibu, wateja wasije wakadhani umeanguka."

Jioni, kabla hata ya kuvua viatu, alimweleza shemeji yake yote. Kijana aliinuka kutoka kwenye kochi.

"Awe mvumilivu, asiulize maswali mengi?"

"Unamjua?"

"Nilimfanyia kazi mwezi huu mwanzoni. Nikauliza ghala lina milango mingapi, akanifukuza."

"Halafu akatangaza upya."

"Halafu mimi nikaona inapanda." Alilikalia kochi taratibu, kama mgeni. "Kumbe nilikuwa naikimbilia nafasi yangu mwenyewe."

Kaka yake akajisogeza kumpisha. Mke alivua kiatu kimoja, akapumzika kabla ya cha pili.

"Pasi iko wapi, shemeji?"

"Juu ya kabati. Angalia usiunguze kola."

Kijana alitandaza shati mezani, akalinyoosha kwa kiganja huku pasi ikipata moto.

"Na asubuhi ukitoka kwenda huko shuleni," kaka yake akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "uzime taa."