Ua Lililoliwa na Msasa

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi seremala wa misheni, Ifakara, na moyo wangu ulishahamia Dar. Mjomba alikuwa ameniombea nafasi kwenye karakana ya samani huko. Bosi wa karakana angenisubiri mpaka mwisho wa mwezi, basi.

Kazi ya mwisho ilitoka kwa Sista mmoja mzee, Mfaransa: kabati la droo tatu alilorithi kwa bibi yake. Jamani! Maua ya mbele hayakuchorwa. Yalikatwa kwa mbao nyembamba kama ukucha, kila petali na rangi yake, yakapachikwa pamoja usisikie kiungo hata ukipitisha kidole. Pembe za droo zimefumana bila msumari hata mmoja. Unyevunyevu wetu ulikuwa umebandua vipande viwili.

"Gundisha tu, fundi," alisema. "Usiguse kingine, halafu uende zako salama Dar."

Nisiguse, mimi? Kwetu kitu cha zamani kikiingia kwa fundi, cha kwanza msasa, cha pili vanishi, mwenyewe akija asikitambue. Nikagundisha, kisha nikaona uso wa kabati umefifia, nikaona aibu kurudisha kazi chafu. Nikapiga msasa. Mara tano, mara sita, ua zima la katikati likatoka vumbi, ukabaki ubao mtupu.

Nikamwambia Sista gundi haijakauka. Nikafunika kabati kwa turubai, nikaanza kulitengeneza ua upya: mfenesi kwa manjano, mninga kwa wekundu, mpingo kwa mashina. Petali zilivunjika, nikakata tena, zikavunjika tena. Sista alikuwa akipita mlangoni.

"Bado, fundi?"

"Bado, Sista."

Treni ya Dar ilikuwa ikipiga honi stesheni, nami nimeinamia kabati lile, nalichukia, siwezi kuliacha. Mwezi ukaisha. Mjomba akaandika kwamba nafasi kapewa mwingine. Nililia kama mtoto, halafu nikaendelea kukata.

Ilinichukua mwezi mwingine. Nilipomwita, Sista alipitisha kidole juu ya droo zote, akakituliza juu ya ua langu.

"Zuri sana," alisema. "Siku ileile ulipolifunika, ulipokwenda kula, niliinua turubai, nikaona ua halipo. Nilikuwa nasubiri uniambie, mwanangu, nikuruhusu uende zako Dar."