Tone Moja ku Kucha

"Mutatuua na njaa, sisi, wabibi, ngombe mpaka imbwa!" Rukara alilalamika pa mulango wa nyumba ya fromaji, ile jibini ya maziwa, huku mu kijiji ya Kingi, kwa sababu bidon yake ya maziwa ilikataliwa. "Muntu mwenye hasikie hata chumvi, atajua wapi kama maziwa yangu iko na maji?"

Kanyange, mwenye kazi ya kushika kichungi ya maziwa, aliuma mudomo. Huku mufanya-fromaji njo anaonja maziwa mbele ya kupokea. Na huyu muzee wao, walimuchoma kansa ya koo na mashine ya rayon, ile mionzi, kule Kampala, juma saba. Kansa ilienda, lakini iliondoka na mate na utamu wa chakula, kama mugeni mwenye kuondoka na blanketi ya wenyeji. Shingo ilibakia nyeusi upande moja, na sauti inakwaruza kama sufuria inasuguliwa na muchanga. Kila maneno tatu anakunywa maji mu kachupa. Watu walisema ataacha kazi. Yeye alianza kujifunza maziwa na vidole, kila asubuhi, miezi mizima, mpaka Kanyange akafikiri rayon ilipanda mpaka mu kichwa.

Sasa muzee alichovya kidole mu bidon ya Rukara, akatia tone moja ku kucha ya gumba, akainamisha mukono. Maziwa ya kweli inashikilia pale. Hii ilikimbia mpaka ku kiwiko.

Kanyange alicheka wa kwanza, kifua mbele, utafikiri kucha iko yake.

"Papa," Rukara aliuliza polepole, "nani alikuambia kama nilitia maji?"

Muzee alikunywa maji yake, akaenda ku bidon ya mwingine.