Anayekaba Ana Haki ya Kusonga

Siku yangu ya kwanza na filimbi ilikuwa kwenye uwanja wa saruji wa shule moja Kiplombe. Refa mkuu wa eneo letu, mwalimu wa michezo aliyestaafu, alinivuta kando. "Wewe utaangalia mpira kama mashabiki," akasema. "Wachana na mpira. Mpira haifanyi makosa. Angalia yule anakaba."

Kazi ya refa wa mpira wa kikapu ni hiyo, vijana. Anayekaba akishamkabili mwenye mpira, miguu yote miwili ikiwa chini, nafasi ile ni yake. Akigongwa kifuani, kosa ni la mshambuliaji. Hiyo ni chaji, na refa hupiga ngumi kwenye kiganja. Akichelewa, akajitupa chini ya mtu aliyekwisha kuruka, hiyo ni bloki, na refa huweka mikono kiunoni. Lakini mashabiki wa Eldoret wana sheria yao: eti anayekaba asimame kama nguzo ya stima, akisonga tu amekosa. Uongo mtupu! Akishaipata nafasi kihalali, ana ruhusa kusonga kando au kurudi nyuma ili ailinde.

Uongo huo uliniponza kwenye fainali ya ligi yetu. Timu ya nyumbani ilikuwa nyuma kwa pointi moja, mechi ikielekea kuisha. Nyota wao, kijana wa mtaa wa West Indies hapa mjini, alikuja mbio. Mkabaji wa timu ya wageni akamkabili, akasogea kando naye, akagongwa kifuani, akaanguka chali. Mpira ukaingia. Nikapiga filimbi, ngumi kwenye kiganja, nikafuta kikapu, na timu ya nyumbani ikashindwa. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi siku hiyo Eldoret haikuwa na mshindani hata mmoja.

Mwenyekiti wa ligi alinifuata kwenye chumba cha marefa.

"Mama, sheria naijua. Uko right. Lakini hawa watu hawajui. Toka nje useme ulikosea, watulie. Nataka kukupeleka mechi za taifa, usiniharibie."

"Niseme nilikosea na sijakosea?"

"Ni maneno tu, Mama."

"Basi enda uyaseme wewe."

Mechi za taifa sikuziona. Nilipelekwa Moiben, huko mashambani, mechi za shule, mpira ukikataa kudunda kwenye matope, hadi nikastaafu. Niliumia sana, sitaficha. Lakini watoto wa Moiben walijua kukaba kuliko timu za mjini, maana kwa filimbi yangu hakuna aliyeogopa kusonga.

Siku ya kuniaga, mwenyekiti yule yule, sasa kichwa mvi tupu, alishika maikrofoni akicheka. "Mama Refa, leo tuko marafiki. Si ukubali tu yule aliyekaba kwenye fainali alikuwa anasonga?"

Ukumbi ukacheka. Nikasimama.

"Alikuwa anasonga, na ilikuwa haki yake. Wewe mwenyewe uliniambia niko sawa, tukiwa wawili tu. Leo watu wako hapa. Waambie."

Nilinyoosha kiganja kuelekea ukumbi, nikangoja. Aliweka maikrofoni mezani, akaketi.