Redio ya Baba na Laptop ya Dada

Enzi zetu kule Kilolo, betri za redio zikichoka hazikutupwa. Tulizianika juu ya bati pamoja na mahindi, na jioni zilipata pumzi ya kutufikisha mwisho wa taarifa ya habari. Wenzangu mliokulia kwenye baridi ile mnakumbuka jinsi kila kitu kilivyofunikwa: mtoto, chungu cha togwa, hata redio. Mama aliivisha kipande cha blanketi kuukuu akisema, "Na yenyewe inasikia baridi."

Tulisukuma magari ya matairi ya ndala, tukabeba kuni kupeleka shuleni, tukala viazi vya kuchoma kwenye majivu mpaka midomo ikawa myeusi. Vijana wa leo simu ikisita kidogo wanasonya. Sisi redio ikikoroma tuliigeuza upande, tukangoja, ikirudi tukashukuru.

Shida yangu ilikuwa mikono. Nilitaka kujua yule anayeongea mle ndani amekaa wapi. Siku moja, nikiwa darasa la nne, redio ilinyamaza baba akiwa shambani. Nikaifungua kwa ncha ya kisu. Nilipoifunga, skrubu moja ilibaki kiganjani, na redio haikusema tena. Baba hakunichapa. Alisema, "Kitu kikikunyamazia usikimbilie kukipasua. Uliza kwanza kilikuwa kinaishije." Dada Tumaini, aliyeipenda redio ile kuliko sisi sote, hakusema na mimi wiki nzima.

Shule niliiacha kidato cha pili. Nimezunguka Makambako, Tunduma, sasa nipo Iyunga, na kote huko nimefungua vitu vya watu: pasi, pampu, simu. Dada hakuwahi kunipa chake hata kimoja, mpaka Juni hii aliponipigia simu kutoka Mlandege, mjini kwetu. Ni mwalimu, lakini bado anasoma. Laptop yake ilikuwa inaganda kila baada ya dakika chache. Utafiti wake wa miaka miwili ulikuwa humo, nakala nyingine hana, na chuo kiliutaka kesho yake kabla ya saa kumi na moja jioni.

Nilipanda basi alfajiri, nikafika saa saba mchana.

"Kamwene, fundi," alinisalimu bila kucheka. "Leo usibaki na skrubu mkononi."

Nikachomeka flashi, nikaanza kunakili. Mstari wa kunakili kwenye skrini ulifika katikati, ukasimama. Nikabonyeza huku na kule, kimya. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile. Tayari nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaliona jicho la dada, nikamkumbuka baba. Nikaiweka chini.

"Dada, huwa unaandikia wapi?"

"Hapo kitandani, juu ya blanketi. Nikimaliza naifunika. Si unaijua baridi yetu?"

Nikapitisha kiganja chini ya mashine. Ilikuwa ya moto kama kikaango, na matundu yake ya hewa yamezibwa na manyoya ya blanketi. Nikaizima, nikayatoa manyoya kwa mswaki mkavu, nikaiweka dirishani juu ya vikombe viwili vilivyopinduliwa. Tukakaa nusu saa bila kuigusa, dada akitazama saa ya ukutani, mimi nikitazama mikono yangu.

Ilipowaka, mstari ulipita katikati, ukasita, ukaendelea mpaka mwisho. Saa kumi na robo kazi ikaenda chuoni.

Redio ya baba ilipokufa, nyumba nzima ilinyamaza, hata majirani walikuja kutupa pole. Safari hii watoto wa dada walikuwa sebuleni muda wote ule, kila mmoja na simu yake, na hakuna aliyeinua kichwa.

Dada akafungua kabati, akatoa redio ya baba, bado imevaa blanketi lake. "Na hii?"

Ile skrubu ninayo mpaka leo, nimezunguka nayo miji yote. Lakini baba na mama hawapo tena wa kuulizwa ilikuwa inaishije. Niliivua blanketi, nikaiweka dirishani ipate hewa. Bisibisi sikuigusa.