Hapana Inayokuja Mapema

Mjukuu wangu wa kike, anayeniandikia maneno haya, alitengeneza programu mbili za simu zinazopatana zenyewe kwa niaba ya watu: moja ya muuza samaki, nyingine ya mnunuzi. Mdogo wangu, anayeuza samaki wabichi wa Wagenia, wavuvi wa mto wetu, alikubali kuzijaribu. Samaki hao wasipopata mtu kabla ya adhuhuri, hufaa kukaushwa tu.

Siku ya kwanza programu ya mnunuzi mmoja, mwenye mgahawa, iliulizwa asubuhi, ikanyamaza mpaka saa sita, kisha ikajibu kwamba haitaki. Mwenyewe alikuwa amepata samaki kwingine tangu saa mbili. Mdogo wangu alirudi na beseni lililojaa.

"Mashine yako imenikalisha kama mutu anangojea lori ya Bafwasende wakati wa mvua!" alimwambia mjukuu. "Sitarudilia tena."

"Lakini, Koko, haikuvunja sheria hata moja. Iko na ruhusa ya kujibu mpaka saa sita," alijibu mjukuu, ambaye hutuita Koko sisi wazee wake wote.

Nilimwambia kwamba hapo ndipo alipokosea. Aliandika yanayoruhusiwa, hakuandika yanayopendelewa. Sokoni kwetu, mnunuzi asiyetaka hulifunika beseni kwa jani kabla ya kuondoka, ili muuzaji ajue kuwa yuko huru kumwita mwingine. Hakuna anayemkataza kuondoka kimya. Ila aondokaye hivyo, kesho huhudumiwa wa mwisho.

"Bon, nikataze kunyamaza?"

"Usikataze. Mtandao ukikatika, itajibu kwa njia gani? Yapange tu, lipi litangulie lipi."

Akaandika: kwanza, kujibu mara uamuzi unapojulikana, hata ukiwa wa kukataa, pili, kuomba muda na kutaja sababu, mwisho, kunyamaza. Na programu itakayonyamaza ilhali ingeweza kujibu, ihudumiwe baada ya nyingine zote.

"Unapojulikana na nani?" nikamuuliza.

"Na mwenye simu, Koko."

"Basi liandike hilo."

Mdogo wangu alikubali siku moja zaidi, moja tu. Mgahawa ulikataa jua likiwa bado chini. Papo hapo programu ya mdogo wangu ikamgeukia mama mmoja mpishi, aliyewachukua samaki wote, matamvua yao yakiwa bado mekundu.

Mdogo wangu alipofika nyumbani hakutoa asante. Aliketi, akamtazama mjukuu, akasema:

"Sasa ile ya wanunuzi, utaifundisha lini kusalimia mbele ya kuuliza bei?"