Siku za Mnada Mtandao Ulikimbia

Siku ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kuazima. Matroni, mkuu wa wauguzi, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Hapa hatutafuti uzuri, tunatafuta mikono." Nikampa mikono. Nilifua mashuka ya hospitali ile ya misheni, huku juu Mbulu, miaka mingi, nikahamishiwa kupiga deki chumba cha upasuaji, mwisho ofisini kwa Katibu wa hospitali. Ninyi wajukuu mnaodhani kompyuta ni ya wasomi, sikilizeni. Mimi niliishia darasa la nne, na kompyuta ya kwanza ya hospitali niliilinda mimi.

Intaneti yetu ilipita kwenye waya wa simu. Kulikuwa na kiboksi, modemu, kinachopiga simu chenyewe hadi mjini. Kikipokelewa kinapiga mayowe kama mtu anayeungua, kisha kinashusha sauti, kinabaki kuhema, na kwenye kioo inatokea namba ya kasi. Namba kubwa, barua inashuka upesi. Namba ndogo, vuta kiti. Katibu hakuwa na subira, akaniachia mimi nikae nayo.

Kasi ile ilitutia wazimu. Inaanza thelathini na tatu, unafurahi, ghafla inaporomoka mpaka tisa au inakatika kabisa. Katibu akasema ni mvua. Kiangazi kikaja, akasema ni nyani wanaobembea kwenye waya.

"Nyani gani wana ratiba?" nikamuuliza, maana nilishaona kwamba Jumapili na siku za mnada mtandao unakimbia kama swala.

"Mama Fausta, wewe futa vumbi."

Kisha akaanza kuuliza mbele za watu kama si kitambaa changu cha maji kinachoharibu mashine.

Asubuhi moja Mganga Mkuu aliingia ofisini, uso umemkauka. Wodini kulikuwa na mama mfugaji kutoka Gehandu, mguu umevunjika na umeanza kuoza.

"Daktari wa mifupa kule mjini ananitumia picha inayoonyesha pa kupasua na pa kufunga chuma," alisema. "Ikifika kabla ya saa nane, nitajaribu kuuokoa mguu. Isipofika nakata, sumu inapanda."

Nikapiga. Mayowe, namba nzuri, picha ikaanza kushuka. Ilipofika nusu ikaporomoka, ikakata. Nikapiga tena, ikakata tena. Mara ya tatu ikakata kabla ya robo. Yule mama alikuwa amelazwa koridoni kwenye kitanda cha magurudumu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Imekuja?"

"Inakuja," nikamwambia. Mtu wa Gehandu asiye na mguu atawafuataje ng'ombe?

Saa saba ikagonga. Hofu ndiyo iliyonifungua akili. Nani hayupo hapa Jumapili na siku za mnada? Baba yake Mganga Mkuu, aliyekaa kwa mwanawe. Jumapili yuko kanisani, siku ya mnada anakwenda kutazama ng'ombe asiowanunua. Na nyumbani kwa Mganga Mkuu kulikuwa na simu ya pili, kwenye waya uleule wa ofisi. Nilikimbia na ndara zangu.

Nilimkuta mzee amekaa wima, kofia ameivua kama mtu aliye msibani, mkonga wa simu ameushika sikioni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sema polepole. Kuna mtu analia humu."

Nikapiga goti kando ya kiti chake.

"Kila siku namsikia," akasema. "Analia sana, halafu anahema tu. Humu ndani wote wanapita. Mtu haachwi alie peke yake."

Kwetu ndivyo ilivyo. Aliyefikwa na msiba unamkalia, na huondoki mpaka mwingine akupokee. Kumnyang'anya mzee mkonga ni kuitafuta laana. Kumweleza modemu ni nini, jua lingezama. Kilio kile kilikuwa modemu yangu, na kila alipoinua mkonga kukisikiliza ndipo picha yetu ilipokufa.

"Baba," nikasema, "umemkalia vya kutosha. Acha nikupokee zamu."

"Utakaa naye mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akanipa. Alipotoka kwenda kuota jua nikaurudisha mkonga mahali pake, nikakimbia. Nilipiga, na safari hii kasi haikushuka. Picha ilifika saa nane kasoro kidogo. Mganga Mkuu aliichukua, akaenda kunawa mikono. Mimi nikaenda kukaa kwenye mlango wa chumba cha upasuaji mpaka giza likaingia, maana nilikuwa nimeahidi, na laana ya mzee naiogopa mpaka leo.

Simu ile ya nyumbani ikapewa waya wake, na Katibu aliandika kwenye ripoti kwamba yeye ndiye aliyegundua hitilafu. Aandike. Mimi nimestaafu na heshima yangu. Siku hizi simu ya mjukuu inaleta picha kabla sijamaliza kukohoa, lakini nikiona kitu kimekwama kwenye kioo moyo unanidunda, kwa sababu najua huenda kuna mtu amelala koridoni anakisubiri.

Baada ya wiki kadhaa mzee aliniita kwenye uzio wa nyumba ile, kofia mkononi.

"Yule mtu simsikii tena," akasema. "Alikufa?"

"Hapana, baba. Alipona. Amerudi Gehandu, anachechemea kidogo, lakini anatembea."

"Na ulikaa naye?"

"Nilikaa naye."

Akavaa kofia yake.